Pagoda ya Dhahabu ya Shwedagon: Mambo ambayo Mkristo anafaa kujua kabla ya kupanda ngazi zake



Kijana mmoja wa parokia yetu hapa Likasi anasoma Asia. Baba yake alifanya kazi ya shaba miaka mingi, na mama yake anaimba katika kwaya ya wamama. Wakati wa likizo, wenzake wa darasa wanaotoka Myanmar walimwalika nyumbani kwao Yangon, nao walikuwa wamepanga kumpeleka kuona pagoda ya Shwedagon. Usiku akatuandikia kwa simu: “Baba Mchungaji, wanasema pale lazima kuvua viatu. Nikivua, nitakuwa nimeabudu sanamu?”

Tulimjibu kwa kifupi usiku ule ule, kwa sababu safari ilikuwa kesho yake. Lakini swali lenyewe tulilipeleka mbele ya baraza la wazee, na wazee hawakupatana. Mmoja alisema kijana wa kanisa asikanyage hata ngazi ya kwanza. Mwingine alisema mbona Paulo alizunguka Athene yote akitazama madhabahu za watu. Tukaona inafaa kuandika jambo hili vizuri, kwa sababu vijana wetu sasa wanasoma China, India na Malaysia, na hapa kwetu Likasi, Kolwezi na Lubumbashi tunafanya kazi kila siku pamoja na watu waliokulia karibu na mahekalu ya Buddha. Sisi wenyewe hatujapanda ngazi za Shwedagon. Tunaandika kutokana na masomo yetu na yale kijana alitusimulia aliporudi chuoni.

Shwedagon ni nini

Shwedagon iko Yangon, mji mkubwa kuliko yote ya Myanmar, nchi ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Burma. Imejengwa juu ya kilima kinachoitwa Singuttara. Pagoda yenyewe haina chumba ndani ambamo watu huingia kuabudu kama sisi tunavyoingia kanisani. Ni mnara mnene wa matofali, umbo lake kama kengele kubwa iliyowekwa chini, na kilele chake kinachongoka kwenda juu. Urefu wake unafika karibu meta 99. Watu huabudu nje, kwenye uwanja mpana wa mawe unaouzunguka mnara, katikati ya vihekalu vidogo vingi na sanamu nyingi.

Wabuddha wa Myanmar husimulia kwamba ndugu wawili wafanyabiashara, Tapussa na Bhallika, walikutana na Buddha mwenyewe, wakapewa nywele zake nane, na kwamba nywele hizo zimehifadhiwa ndani ya kilima. Ndiyo sababu mahali pale ni patakatifu sana kwao. Wataalamu wa historia wanafikiri kwamba jengo la kwanza lilisimamishwa na watu wa kabila la Mon kati ya karne ya 6 na ya 10 baada ya Kristo. Liliharibiwa mara nyingi na matetemeko ya nchi, na likajengwa tena. Urefu wa sasa ulitokana na kazi ya mfalme Hsinbyushin katika karne ya 18.

Dhahabu yake

Sisi watu wa Katanga tunajua madini. Mababu zetu walifua shaba na kuimimina katika umbo la msalaba muda mrefu kabla ya kampuni yoyote kufika, na misalaba ile ilitumika kama feza na kama mahari. Basi msomaji wa Likasi atauliza mara moja: je, ni dhahabu kweli?

Ndiyo, ni dhahabu kweli, lakini iko juu tu. Ndani ni matofali. Sehemu za juu zimefunikwa kwa mabamba ya dhahabu yaliyopigiliwa, na sehemu za chini zimebandikwa karatasi za dhahabu nyembamba sana, zinazotengenezwa kwa kupigwa nyundo kwa mikono saa nyingi. Desturi ya kuipamba ilipata nguvu katika karne ya 15, wakati malkia Shin Sawbu alipotoa dhahabu yenye uzito sawa na mwili wake. Aliyemfuata, mfalme Dhammazedi, alitoa nyingi zaidi. Kwenye kilele kuna mwavuli wa chuma uliopakwa dhahabu, wenye almasi zaidi ya 5,000 na rubi zaidi ya 2,000, na juu kabisa kuna almasi moja kubwa ya karati 76.

Kijana wetu alisema kilichomshangaza zaidi walikuwa wamama maskini wanaouza maua sokoni, ambao hununua karatasi moja ndogo ya dhahabu kwa akiba ya siku nyingi na kuitoa. Hakuna aliyewalazimisha. Wanaamini kwamba tendo hilo linawaongezea sifa njema kwa maisha yatakayofuata.

Kengele mbili na wageni wenye tamaa

Mwaka 1608 Mreno mmoja aliyeitwa Filipe de Brito, aliyekuwa ametawala ng’ambo ya mto, aliiondoa kengele kubwa sana iliyotolewa na mfalme Dhammazedi. Alitaka kuiyeyusha atengeneze mizinga. Chombo kilichoibeba kilizama mtoni pamoja na kengele, na mpaka leo haijapatikana, ingawa wengi wameitafuta.

Katika vita vya 1824 hadi 1826 Waingereza waliteka kilima na kukifanya ngome. Nao walijaribu kuchukua kengele nyingine, yenye uzito wa tani zaidi ya 20, waipeleke Calcutta. Hiyo pia ikazama mtoni. Waburma wakaomba ruhusa ya kuitafuta wenyewe, wakafunga mianzi mingi sana chini ya maji mpaka ikaelea, wakairudisha kilimani. Iko pale hadi leo.

Tumeandika hayo kwa sababu watu wetu wanaelewa maana ya mgeni kuja na kutazama kitu chako kwa jicho la kukadiria uzito wake tu. Kengele ni shaba iliyochanganywa na bati. Mtu mmoja husikia sauti yake, na mwingine huona mizinga.

Jambo la viatu

Sasa tufike kwenye swali la kijana. Wakati wa ukoloni, Wazungu wengi walipanda Shwedagon na viatu vyao, na jeshi la Waingereza liliendelea kukaa kilimani mpaka mwaka 1929. Mwenyeji alivua, mtawala hakuvua. Kwa Waburma jambo hili lilikuwa la dini na pia la heshima ya mwanadamu. Vijana wasomi na watawa waligoma na kuandika, mpaka mwaka 1919 serikali ya kikoloni ikakubali kwamba wasimamizi wa kila pagoda wana haki ya kuamua kuhusu viatu. Leo kila anayeingia huvua viatu na soksi chini kwenye ngazi, awe rais au mchuuzi.

Kwa hiyo kuvua viatu pale ni kama kuvua kofia kwenye kilio. Ni adabu ya nyumba ya mwenzako. Sisi Wakongomani hatupaswi kushangaa: anayekwenda Nkamba kwa ndugu Wakimbangu hutembea bila viatu, na anayeingia msikitini hufanya vivyo hivyo. Musa alivua viatu mbele ya kichaka kinachowaka (Kutoka 3), na Yoshua alivua karibu na Yeriko (Yoshua 5). Tendo la mguu peke yake si ibada. Ibada iko katika kile ambacho moyo unampa anayeabudiwa.

Yale yanayofanyika pale juu

Ni vizuri kujua tofauti ya mambo, ili mtu asianguke bila kujua wala asiogope bure.

Kuna yaliyo ya adabu tu: kuvua viatu, kufunika mabega na magoti, kutembea kwa kufuata mkono wa saa, kusema polepole, kutopanda juu ya sanamu, kutoelekeza nyayo kwenye sanamu unapoketi. Haya Mkristo anaweza kuyafanya kwa dhamiri safi. Tena ayafanye kwa uangalifu, kwa sababu nchi ile ina sheria kali juu ya kudharau dini. Mwaka 2015 mahakama ya Yangon ilimfunga mgeni mmoja msimamizi wa baa kwa sababu ya tangazo lililomwonyesha Buddha amevaa vifaa vya kusikilizia muziki masikioni.

Kuna yaliyo ibada: kupiga magoti na kusujudu mbele ya sanamu, kuchoma udi, kutoa maua kwa maombi, kubandika dhahabu ili kupata sifa njema. Vilevile kuna vituo nane kuzunguka mnara, kila kimoja kwa siku ya kuzaliwa, kwa maana Jumatano wameigawa mara mbili, asubuhi na jioni. Mtu hutafuta kituo cha siku yake, humwagia sanamu maji na kuomba bahati. Rafiki mwema anaweza kukuletea kikombe cha maji na kusema, “Wewe ulizaliwa Jumanne, mwaga hapa.” Hapo Mkristo hushukuru kwa tabasamu na kukataa. Tulimwandikia kijana wetu maneno hayo hasa, na ndivyo ilivyotokea. Alituambia wenzake hawakukasirika. Mmoja alimuuliza Wakristo huomba namna gani, wakaketi kivulini wakazungumza mpaka jua likashuka.

Buddha alifundisha nini

Si haki kumshtaki mtu kwa jambo asiloamini. Siddhartha Gautama, aitwaye Buddha, yaani aliyeamka, aliishi karne kadhaa kabla ya Kristo katika sehemu ya India na Nepal ya leo. Hakujiita Mungu wala muumba. Alifundisha kwamba maisha yamejaa mateso, kwamba mateso yanatoka katika tamaa, na kwamba mtu anaweza kuizima tamaa kwa kufuata njia ya maisha yenye sehemu nane. Wafuasi wake wa kawaida hushika makatazo matano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutolewa pombe. Kama migodi yetu ingeshika hayo matano tu, tungeona mabadiliko.

Tofauti yetu iko mahali pengine. Kwao mtu hujiokoa kwa juhudi zake, maisha baada ya maisha, akijikusanyia sifa njema. Sisi tunakiri kwamba wokovu ni zawadi, na kwamba Mungu mwenyewe alishuka ndani ya mateso yetu. Mama yule wa maua hutoa karatasi ya dhahabu ili apate. Mkristo hutoa kwa sababu amekwisha kupata. Lakini tujiulize kwa ukweli: ni wangapi kati yetu huweka bahasha katika sadaka kwa moyo ule ule wa kununua baraka?

Kibanda cha Judson

Tarehe 13 Julai 1813 Adoniram Judson na mke wake Ann, wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani, walifika Yangon. Walikaa miaka karibu sita bila kumbatiza mwenyeji hata mmoja. Walijifunza lugha. Mwaka 1819 Judson alijenga zayat, yaani kibanda cha kupumzikia wasafiri ambacho Waburma walikizoea, kwenye njia ya watu wanaokwenda Shwedagon. Alikaa pale siku nzima, akaita wapita njia, wakaketi pamoja naye chini kama desturi yao, wakazungumza. Tarehe 27 Juni mwaka ule ule alimbatiza Maung Nau, Mburma wa kwanza.

Tunaomba wainjilisti wetu watazame mpango ule. Judson hakupanda kilimani kutukana. Alitafuta njia ambayo watu wanapita tayari, akajenga kitu ambacho wao wanakijua, akakaa. Vita vilipoanza mwaka 1824 alifungwa gerezani kwa minyororo, na Ann alimletea chakula na kuficha tafsiri ya Agano Jipya ndani ya mto wa kulalia. Ann alikufa mwaka 1826. Biblia nzima ya Kiburma ilimalizika mwaka 1834. Leo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2014, Wakristo ni karibu asilimia 6 ya watu wa Myanmar, na Wabuddha karibu asilimia 88. Wakristo wengi ni wa makabila ya milimani, kama Karen, Kachin na Chin.

Wazee wetu walipita Burma

Si wengi wanaojua kwamba Wakongomani walifika nchi ile kabla yetu. Katika vita vya pili vya dunia, kikosi cha uganga cha Kongo ya Wabelgiji, hospitali ya 10 ya kupokea majeruhi, kilikuwa na Wakongomani wapata 350 na Wazungu wapata 20. Baada ya kazi Afrika ya Mashariki na Madagaska walipelekwa Burma, wakahudumia divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake wengi walitumia Kiswahili kambini. Divisheni hiyo ilipita bonde la Kabaw wakati wa mvua, mahali palipoitwa bonde la mauti kwa sababu ya malaria, ikateka Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944. Walikuwa mbali na Yangon, lakini pagoda ndogo ziko kila mahali katika nchi ile. Waganga wetu waliosha vidonda vya watu wa mataifa mengi chini ya miti ya nchi ya Buddha.

Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alipotembelea Kinshasa, alimpa nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyekuwa ametumika Burma. Miaka zaidi ya 75 ilikuwa imepita. Katika makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, kuna nguzo zilizoandikwa majina zaidi ya 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wako kati yao. Kijana wetu hakujua habari hii alipokwenda. Tunatamani anayekwenda kesho aende Taukkyan pia, asome majina, aombe.

Na sisi wa Likasi tuna la ziada. Uranium ya Shinkolobwe, karibu kabisa na mji wetu, ilitumika katika bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, juu ya watu ambao wengi wao walikuwa Wabuddha. Mawe yetu yalifika Asia kwa mauti, waganga wetu walifika kwa dawa. Tunapofundisha watoto, tuwaambie yote mawili.

Dhahabu haizuii damu

Shwedagon imeona mengi katika siku zetu. Agosti 1988 umati mkubwa ulikusanyika karibu nayo kudai uhuru na kumsikiliza Aung San Suu Kyi. Septemba 2007 watawa walitembea kwa maelfu, wakapigwa na askari. Lakini pia kulikuwa na watawa waliohubiri chuki juu ya Waislamu, na mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Tangu jeshi lilipochukua serikali Februari 2021, watu zaidi ya milioni 3 wamekimbia makwao ndani ya nchi. Makanisa yamepigwa mabomu. Huko Thantlang, Septemba 2021, mchungaji Mbaptisti aliuawa kwa risasi alipokwenda kuzima nyumba iliyokuwa inaungua.

Nyinyi wa Kivu na Ituri hamhitaji kuelezwa habari hizo. Mnazijua kwa miguu yenu. Dini iliyopambwa sana inaweza kukaa kimya karibu na mauaji, au hata kuyabariki. Sisi Waprotestanti tusiseme hilo ni la Wabuddha. Tuhesabu mabati mapya na vyombo vya muziki tulivyonunua, kisha tuhesabu wakimbizi tuliowapokea.

Jibu letu

Wazee wa baraza wamekubali tuandike hivi. Mkristo anaweza kutembelea pagoda kama mgeni. Avue viatu kwa heshima. Asisujudu, asichome udi, asimwage maji, asitoe sadaka kwa sanamu. Kama dhamiri yake ni dhaifu, au ana ndugu pamoja naye ambaye atajikwaa, abaki chini kwenye ngazi alinde viatu vya wengine, na hiyo ni huduma (1 Wakorintho 8 na 10). Akiulizwa, aseme wazi yeye ni wa nani. Asipige picha za kuchekesha na sanamu. Mzee aliyepinga bado hajaridhika kabisa, nasi tunamheshimu. Alisema akienda mjukuu wake, atafunga chakula siku ile. Tulimwambia afunge, tena atuite tufunge pamoja naye.

Tunawaomba makanisa yote ya mashariki mchukue Jumapili moja kuombea ndugu wa Myanmar kwa majina ya makabila yao: Karen, Kachin, Chin, Kayah, pamoja na Warohingya na Wabuddha waliopoteza nyumba. Na kama katika parokia yenu kuna mjane au mjukuu wa mtu aliyetumika Burma katika kikosi cha uganga, andikeni habari zake kabla mzee wa mwisho anayezikumbuka hajatuacha.

Bwana awalinde, mlipo na mnakokwenda.